Bawa la kushoto

Jumamosi, usiku

Mwezi mzima nimekuwa nikikisingizia kidole gumba. Kila nikipiga kitanzi, yaani kuizungusha ndege yangu ya rimoti duara la wima hewani, inapanda vizuri, lakini ikifika juu imeshaanza kulalia kushoto, na ikishuka inatokea mita kadhaa kando ya ilipoanzia. Nikajiambia mkono ndio mbovu: navuta fimbo ya rimoti huku naisukuma pembeni bila kujua. Nikaenda kujifua kwenye simyuleta, na huko vitanzi vikawa vinatoka duara safi. Hapo ningeelewa, ila ubishi nao kazi.

Leo asubuhi hakukuwa na upepo. Nikaigeuza ndege tumbo juu, nikaachia fimbo. Bawa la kushoto likaporomoka hapo hapo.

Basi ni zito. Siku ya kwanza kabisa niliona inalalia kushoto, nikabonyeza mara nne kwenda kulia trimu ya aileroni (kitufe cha kurekebisha kidogo vile vibao vya mabawa vinavyoilaza ndege pembeni), ikanyooka, nikarudi nyumbani nimeridhika. Kumbe uzito ulikuwa pale pale, nimeuegemeza tu. Ikiruka sawa, trimu inalibeba bawa. Kwenye kitanzi kila kitu kinaongezeka uzito mara kadhaa, trimu ni ile ile, bawa linashinda. Na ikiwa tumbo juu ndiyo balaa: uzito na trimu vilivyokuwa vikivutana sasa vinasukuma upande mmoja.

Mchana nikarudisha trimu sifuri, nikafunga uzi kwenye shafti ya propela na mwingine mkiani, nikaining'iniza. Kushoto kukashuka taratibu, kama kichwa cha mtu anayesinzia. Nikawa nabandika vipande vya risasi kwenye ncha ya bawa la kulia kwa selotepu. Gramu 2, bado. Gramu 4, bado. Kwenye 7 ikatulia. Gramu saba! Na chanzo nakijua: bawa la kushoto niliwahi kulivunja, na siku ya kuliunga nilimimina gundi ya epoksi bila kupima. Nilijisifu sana kwa ile kazi.

Jioni nimeruka mara tatu, kila mara nikibadilisha kitu kimoja tu. Kitanzi sasa kinafunga pale pale kilipoanzia. (Nimepiga vitano. Hakukuwa na sababu ya kupiga vitano.) Kisha nikaipandisha kwa nyuzi 45, nikaigeuza tumbo juu, nikaachia elevata, kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua: pua ikaanguka upesi mno. Uzito uko mbele. Nikarudisha betri nyuma sentimita 1. Betri ina gramu 450 na ndege nzima kilo 2.4, kwa hiyo kitovu cha uzito hakikusogea hata milimita 2, lakini mruko uliofuata ilishika mstari kwa muda, ndipo pua ikashuka polepole. Ikabidi elevata niitrimu upya, maana ukigusa kitovu umegusa na hiyo.

Kilichobaki ni kuruka kwa ubavu, bawa moja juu na jingine chini. Nikikanyagia ruda, usukani wa mkiani, inavutwa upande wa magurudumu. Rimoti inaweza kuchanganya ruda na elevata, na hilo likafichika kwa dakika moja. Sijaugusa mchanganyiko huo. Kesho naanza na rula: nataka kuona kama mkia wa mlalo na bawa vina pembe moja.