Roho ilikataa, nikadhani ni machale

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta kijana wa kukaa dukani, kale kaduka kangu ka vifaa vya umeme. Akaja dogo mmoja yuko vizuri tu, barua ya mwenyekiti wa mtaa anayo, wadhamini wawili, hesabu anapiga chapchap bila kalkuleta. Nikamuuliza kwenu wapi, akataja mkoa, hapohapo roho ikakataa. Nikamwambia ntakupigia, ile ntakupigia ya kibongo mnaijua.

Usiku wife ananiuliza, kakosea nini sasa? Nikabaki nasema simuelewi tu.

Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Geneva, Uswisi, Édouard Claparède, mwaka 1911 aliandika kuhusu mama mmoja mgonjwa wa kusahau, kila wakionana inabidi wajuane upya. Siku moja jamaa akaficha pini kiganjani akampa mkono, mama wa watu akachomwa. Baadaye akampa tena mkono, mama hakumbuki pini wala nini lakini mkono kagoma kutoa, akibanwa anasema si unajua kuna watu wanafichaga pini. Yaani tukio limefutika, woga umebaki na umejitafutia sababu!

Pini yangu mimi ni ya 2019, kijana wa mkoa uleule alisepa na mauzo ya wiki nzima plus rola mbili za waya. Ila nikafungua madaftari ya zamani, kumbe kati ya vijana saba niliowahi kuajiri aliyenila hela ndefu kuliko wote ni mtoto wa shangazi, elfu mbili mbili kila siku karibu mwaka, na yeye nilisema utoto tu ule.

Watafiti wa saikolojia wa Marekani, Hamilton na Gifford, walilipima hili la kuwabebesha kundi zima lawama mwaka 1976. Waliwasomesha watu habari za kundi la watu 26, wabaya 8, na kundi la watu 13, wabaya 4. Piga hesabu, uwiano ni uleule, ila wasomaji wakaona kundi dogo ndo lina wahuni. Wachache wakifanya kitu kisicho cha kawaida kichwa kinakinasa mara mbili.

Siku hizi maswali naandika kabla, maksi natoa kwanza, kwenu wapi nauliza mwisho. Dogo nilimpigia, ameanza Jumatatu. Akihesabu noti bado namwangalia mikono.