Barua ya Ijumaa kwa wazazi wa darasa la tatu

Ukimuuliza mtoto wa miaka minane, "Leo mmefanya nini shuleni?", atakujibu "Tumesoma," kisha huyoo, kakimbilia kucheza. Hajakuficha kitu. Siku nzima ya shule haiwezi kuenea kwenye jibu moja, na swali lenyewe halimwonyeshi aanzie wapi. Ndiyo maana katika barua ninayowaandikia wazazi kila Ijumaa siku hizi siorodheshi mada tulizopitia. Nasimulia jambo moja au mawili ambayo watoto wameyafanya kwa mikono yao, na chini yake naweka swali ambalo mzazi anaweza kumuuliza mwanawe wakiwa njiani au wakati wa kukunja nguo.

Wiki iliyopita tulikuwa na maharage. Ningeweza kuandika "Sayansi: uotaji wa mbegu," mzazi akasoma, akaendelea na shughuli zake. Badala yake niliandika hivi:

"Kila kikundi kilibana mbegu kati ya karatasi laini yenye unyevu na ukuta wa glasi, ili waone kila kinachotokea. Kilichotangulia kutoka ni mzizi. Wengi walikuwa wamechora jani likitangulia, kwa hiyo palizuka ubishi mkubwa. Kikundi kimoja kikaomba kuilaza glasi yao ubavu. Tulipoiangalia tena, mzizi ulikuwa umejipinda na kuelekea chini upya. Muulize mwanao: mzizi umejuaje chini ni wapi? Na tungeiweka glasi kabatini, gizani, ungejua?"

Nyuma ya ukurasa niliweka jibu kwa kifupi, kwamba mzizi hufuata mvuto wa dunia na kwamba hata gizani ungeelekea chini, ili mzazi asije akakwama mbele ya mwanawe. Jumatatu mama mmoja alinisimamisha getini: "Mwalimu, huyu mtoto kanieleza habari za mzizi mpaka nami nikatafuta glasi." Binti yake ni mkimya sana darasani. Kujua kwamba nyumbani alikuwa yeye ndiye mwalimu kulinifurahisha kuliko alama yoyote niliyowahi kuiandika kwenye daftari lake.

Hisabati ndiyo inayonichukua muda mrefu kuiandika, kwa sababu hapo ndipo msaada wa nyumbani unapoweza kugongana na wa shuleni. Chukua 52 toa 27. Watoto wengi wa umri huu huandika 35. Wameona 2 haitoshi kutolewa 7, basi wakageuza, wakatoa 2 kwenye 7. Mzazi akiona hivyo husema, "Kopa moja jirani!" Mtoto anakopa, anapata 25, lakini hajui hiyo moja imetoka wapi wala kwa nini imekuwa kumi. Darasani tunatumia vijiti. Hamsini na mbili ni mafungu matano ya kumi kumi na vijiti viwili pembeni. Vijiti viwili havitoshi kutoa saba, basi tunafungua fungu moja. Sasa tuna mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Tukitoa saba vinabaki vitano, tukitoa mafungu mawili yanabaki mawili. Nawaomba wazazi kitu kimoja tu: kabla ya kusahihisha, wamwambie mtoto, "Nionyeshe fungu ulilofungua." Akiweza kuonyesha, njia yoyote ya kuandika atakayofundishwa nyumbani haitamdhuru. Asipoweza, naomba wanijulishe, nitakaa naye.

Kwenye picha mimi ni mkali. Katika kundi la wazazi natuma picha za mikono, za kazi ukutani, za glasi zilizopangwa dirishani. Sura za watoto sitoi bila ruhusa ya mzazi, na jina siliambatanishi na sura. Picha ikishaingia kwenye simu za watu thelathini au arobaini hakuna awezaye kuirudisha, na faili la picha linaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 16, unampa mtoto haki ya faragha. Kwa hiyo mtoto mwenyewe namuuliza pia. Wapo wanaosema hapana, na hapana yao naiheshimu sawasawa na ya mzazi.

Habari ya mtoto mmoja haiingii kwenye kundi, iwe sifa au shida. Hiyo huenda kwa mzazi au mlezi wake peke yake, kwa sentensi moja au mbili. Mwaka 2015 Matthew Kraft na Todd Rogers walichapisha jaribio walilofanya Marekani na wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakirudia masomo likizoni. Wazazi walitumiwa ujumbe wa sentensi moja kutoka kwa mwalimu kila wiki, na idadi ya walioshindwa kumaliza somo ikashuka kutoka karibu asilimia 16 hadi karibu asilimia 9. Ujumbe uliotaja jambo la kurekebisha ulielekea kufanya kazi zaidi kuliko ule wa sifa. Wangu ni wadogo, na sifa kwao sitaiacha, lakini nimeacha kuandika "anaendelea vizuri." Naandika, "Anasoma kwa sauti bila woga sasa. Akifika kwenye nukta bado hapumziki, msikilizeni hapo."

Si kila nyumba ina mtu wa kusoma barua. Kuna watoto wanaolelewa na bibi ambaye macho yamechoka, na kuna baba anayerudi usiku sana. Kwa hao nasoma barua ileile kama ujumbe wa sauti, isiyozidi dakika mbili, bila misamiati ya kiofisi. Nimegundua hata wanaojua kusoma huupenda zaidi, maana huusikiliza pamoja na mtoto, naye hukatiza kila sentensi kuongeza yake.

Wiki ijayo tunasimika kijiti uani na kuchora mstari mwishoni mwa kivuli chake kila baada ya kipindi. Swali la Ijumaa nimeshaliandaa: kivuli kilikuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi, na asubuhi kilikuwa kimeelekea wapi? Wazazi wenye nafasi Jumamosi, jaribuni na nyinyi, kisha mtoto aje na vipimo vyenu tuvilinganishe na vya darasa.