Kilianza lini?

Jana barazani, pale Raskazone, mtoto wa kaka alikuwa anakwangua kwa ukucha doa la hudhurungi kwenye reli mpya ya ngazi. Baba yake alilipia stenlesi kwa sababu fundi alimwapia haishiki kutu, na upepo wa bahari ya Tanga haukuulizwa. Wakubwa wote tulikuwa tunajadili nani wa kulaumiwa. Yeye akaniuliza, "Shangazi, kilianza lini?"

Nikamjibu kishangazi kwamba kutu haina saa. Uongo. Inayo, na nimeshawahi kuiona.

Ilikuwa Manchester, Ramadhani ya 2002, miaka ile ninayowachosha nayo. Nilikuwa napima kelele za kielektrokemia, yaani kule kupanda na kushuka kudogo kudogo kwa volti na mkondo kunakotolewa na chuma chenyewe kikiwa kwenye maji ya chumvi, bila wewe kukisukuma kwa umeme wowote. Mtafiti Iverson alishaliandika jambo hilo kule Marekani mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hladky na Dawson, hapo hapo Manchester, wakaonyesha kwamba kelele hizo zinaweza kumwambia mtu kama kutu inakula juu juu sawasawa au inachimba vishimo.

Unachukua vipande viwili vya bamba moja la stenlesi ya 304, unavilehemu waya kwa nyuma, unavizamisha kwenye resini, kisha unavisugua kwa msasa hadi ving'ae. Ukingoni, pale resini inapokutana na chuma, maji hupenda kujipenyeza na kuanzisha kutu isiyokuhusu, kwa hiyo tulikuwa tunapaka rangi ya kucha. Yangu ilikuwa nyekundu. Ndiyo chupa pekee ya rangi ya kucha niliyowahi kuimaliza maishani. Vipande hivyo vinaunganishwa kupitia kipima mkondo kisicho na ukinzani, kifaa ambacho sifa yake kubwa ni kujifanya hakipo, ili chuma kijione bado ni kimoja. Elektrodi ya tatu, ya kalomeli (chumvi ya zebaki), inasoma volti. Vyote vinakaa ndani ya kizimba cha Faraday, ambacho chetu kilikuwa boksi la bati lenye mlango, maana tunachotafuta ni nanoampea, yaani sehemu za bilioni za ampea, na jengo zima limejaa umeme wa hertzi 50.

Mwanzoni tulipata matukio mazuri ajabu, yaani miruko ya mkondo, yakifuatana kwa mpangilio. Mpangilio mno. Fundi wa maabara, mzee asiyependa salamu ndefu, alisimama mlangoni akatega sikio kidogo, kisha akaenda chumba cha pili akachomoa friji. Matukio yakaisha.

Tangu hapo tukahamia usiku, wakati hakuna anayepanda lifti. Sheria ilikuwa usifanye kazi usiku peke yako, na mwenzangu, Mmisri wa Iskandaria, alikuwa macho kama mimi akisubiri daku. Chai na tende tuliziacha kwenye korido kwa sababu ndani hakuliwi.

Mstari wa mkondo ulikuwa unatetemeka karibu na sifuri, nukta moja kila nusu sekunde. Nilishazoea kuukodolea bila kuuona. Halafu ukaanza kupanda. Mstari wa friji huruka, huu haukuruka. Ulipanda nukta juu ya nukta, nanoampea 10, 20, na mstari wa volti chini yake ukaanza kuzama pamoja nao. Mwenzangu aliacha kuzungumza katikati ya neno. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, nikauinua, sijui niliogopa kumsumbua nani. Thelathini. Arobaini na kitu. Ndani ya lile boksi la bati, utando wa kromiamu oksidi unaoikinga stenlesi, wenye unene wa nanomita chache tu, ulikuwa umetoboka mahali fulani, na chuma kilichokuwa chini yake kilikuwa kinayeyuka na kumwaga elektroni zake kwenye waya wangu. Ilipokaribia 50 ukakatika. Nukta moja juu, iliyofuata karibu na sifuri. Kifuniko cha kishimo kimebomoka, chumvi kali ya ndani imezimuliwa na maji ya nje, utando umejirudisha. Sekunde nne hivi. Nilijiona kama mtu aliyetega sikio ukutani akasikia ugomvi wa jirani ukianza na kuisha.

Volti haikurudi upesi. Mkondo umeshatulia, kishimo kimeshakufa, lakini volti ilikuwa inapanda taratibu, ikijikokota, kwa sababu elektroni zilizorundikana kwenye uso mzima wa chuma zinasubiri oksijeni ya majini ije izichukue, na oksijeni haina haraka. Hilo nilikuwa nimelisoma kitabuni. Sikujua kwamba kulitazama kunaweza kumbana mtu pumzi.

"Friji?" mwenzangu akauliza.

Nikaenda kuangalia. Waya wa friji ulikuwa sakafuni.

Asubuhi nilipiga hesabu ya Faraday, inayogeuza chaji kuwa kiasi cha chuma kilichoyeyuka. Chaji iliyopita, ukiongeza ile inayoliwa ndani ya kipande chenyewe bila kufika kwenye waya, inatosha kuchimba kishimo chenye upana wa mikromita 2 au 3. Uelekeo wa mkondo ulinionyesha ni kipande kipi kati ya viwili. Nikakipeleka kwenye hadubini. Nikaona mikwaruzo ya msasa, nikaona vidoa vya salfaidi ya manganizi, ambako ndiko vishimo hupenda kuanzia, nikaona vitundu vya kila namna, na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukiapia. Wakati niliupata hadi nusu sekunde. Mahali sikupapata.

Msimamizi wangu alifurahi, kwa namna yake. Akasema sasa fanya hesabu: volti inavyotawanyika, gawa kwa mkondo unavyotawanyika, upate ukinzani wa kelele. Nukta 1024 zinaingia, namba moja inatoka. Kwenye tasnifu yangu usiku ule ni mstari mmoja wa jedwali, na ukiusoma huwezi kujua kama kuna kitu kilizaliwa na kufa humo au mstari ulitetemeka tu.

Kuna hoja, na mimi ninaielekea, kwamba vishimo vinavyokufa ndivyo vya kuhesabu, kwa kuwa kadiri vinavyozaliwa vingi ndivyo uwezekano wa kimoja kukataa kufa unavyokua. Siku nyingine naiona ni faraja ya mtu aliyekikosa kishimo chenyewe.

Miaka baadaye, nikiwa kazini, nilimpelekea meneja wa kiwanda kimoja kipimo cha aina hiyo hiyo tukifunge kwenye bomba la maji ya kupoozea mitambo. Alinisikiliza vizuri, chai ikaletwa. Akauliza bomba litatoboka lini. Nikamwambia kipimo hakisemi hivyo, kinasema kwamba saa hizi kuna kitu kinaanza. Akauliza kinaanza wapi. Nikamwambia hilo nalo hakisemi. Nikajaribu kumweleza habari za vile vinavyokufa, na uso wake ukabaki wa adabu mpaka vikombe vikaondolewa. Kisha akamwita kijana wa matengenezo, akamwagiza apime unene wa bomba kwa ultrasoniki kama kila mwaka, sehemu zile zile zilizowekwa alama ya chaki. Sidhani kama alikosea. Ila nilipopita kando ya lile bomba nikitoka, niliona kati ya alama moja na nyingine kuna hatua zangu tatu, na kishimo hakisomi chaki.