Bastola niliyoambiwa ni mbovu, na mkwaruzo ambao ni wangu mwenyewe

Watu watatu waliishika, wakanipa hukumu tatu. Wa kwanza alisema springi imechoka. Wa pili akasema ndoana ya kuvutia ganda la risasi iliyokwisha kulipuka imekwisha, ninunue nyingine. Wa tatu, aliyejifanya anajua kuwashinda wote, akasema niimwagie mafuta mengi "iteleze". Bastola yenyewe ni ya mkono wa pili, ya mtindo wa 1911, ule aliouchora John Browning, jeshi la Marekani likaupokea mwaka huohuo wa 1911 na kubaki nao kama bastola yake ya kawaida mpaka 1985. Chuma kilichovumilia matope ya vita viwili vya dunia kije kufia mikononi mwangu? Nikakataa.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Kila baada ya risasi tatu nne, ganda lilishindwa kuruka nje, slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, ikarudi na kulibana likiwa limesimama wima mlangoni kama bomba la moshi.

Basi nikatandika taulo kuukuu mezani. Magazini, kile kisanduku cha risasi, inatoka kwanza, ndipo slaidi inavutwa. Ukianza na slaidi, unaitoa risasi moja na kupakia nyingine palepale, huku moyo umetulia kabisa. Nilichungulia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, nikaingiza na kidole, maana macho hudanganya. Risasi zote zilikwenda kukaa chumba kingine. Madirisha nikayaacha wazi, kwa kuwa masizi ya risasi yana risasi kweli, yale madini yenyewe, na si kitu cha kuvuta puani wala kulia chakula kwa mikono hiyohiyo.

Sasa kuhusu springi ya kurudisha slaidi. Imelala chini ya mtutu, na inazuiwa na kifuniko kidogo mfano wa kastabini ya fundi cherehani. Unakibonyeza kwa kidole gumba, unazungusha bushi, ile pete ya mdomoni mwa mtutu, halafu unakiachia polepole. Hilo neno "polepole" nililisoma vizuri, ila kidole changu hakikulisoma. Kifuniko kilipiga dari, kikapiga kabati, kisha kimya. Nilitambaa na tochi kwa muda ambao sitautaja. Mke wangu alipita, akauliza nimepoteza nini, nikamjibu "kitu kidogo tu," naye akaniruka akaendelea na shughuli zake. Nilikuja kukikuta ndani ya kiatu changu mwenyewe, nilichokivua pembeni ya kiti. Tangu siku hiyo kazi hiyo naifanyia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, mikono yote miwili humo ndani, na miwani usoni. Naonekana kama daktari wa samaki, lakini kifuniko hakiendi popote.

Mtutu ulinipotezea jioni nzima kwa upumbavu wa namna nyingine. Nilipitisha brashi ya shaba yenye dawa ya kuyeyusha masizi, kutokea upande wa chemba, nikifuatisha vitambaa. Cha kwanza kilitoka cheusi, cha tatu kijivu, na cha tano kikatoka na rangi ya kijani-buluu. Nilijua maana yake: dawa imeyeyusha shaba iliyoachwa na risasi. Nikasugua tena. Kijani. Tena. Kijani. Nikaanza kumlaani mwenye bastola wa zamani na ukoo wake. Kumbe dawa ile inakula shaba yoyote inayoikuta, na brashi yangu ni shaba! Nilikuwa naisafisha brashi ndani ya mtutu. Nilipobadili nikatumia brashi ya nailoni, vitambaa viwili tu vikatoka vyeupe. Namwomba marehemu, kama ni marehemu, anisamehe.

Mwizi mwenyewe lakini hakuwa mtutuni. Katika 1911 ile ndoana ni kipande kirefu cha chuma kilichozama ndani ya slaidi, kinashikiliwa na kibati kidogo cha nyuma. Nikabonyeza pini ya kugonga, nikakishusha kibati (pini nayo ina springi, sasa nilikuwa nimeerevuka, nikaikinga kwa kiganja), nikaivuta ndoana. Ilitoka imevaa koti. Mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameshikamana na masizi yakawa kama utomvu mkavu, na chini ya ukucha wake umejaa uchafu mgumu kiasi kwamba haukuweza kuuma ukingo wa ganda. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule bwana wa "mwagia mafuta mengi". Njiti ya meno na mswaki mzee vilimaliza kesi. Ndoana mpya sikununua, springi mpya sikununua. Gharama yangu yote ni vitambaa, brashi mbili na chupa ndogo ya dawa. Mafuta nilipaka tone moja moja kwenye reli za slaidi na pale mtutu unaposuguana na bushi, nikafuta yaliyozidi.

Kurudisha ni kinyume cha kufungua, isipokuwa pale kwenye kizuizi cha slaidi, kile kiwenzo cha ubavuni. Kuna kijipini chenye springi kinachokikatalia kuingia. Niliona nisukume kwa nguvu huku nakizungusha. Kiliingia, naam, na njiani kikachora upinde mzuri mweupe ubavuni mwa bastola ambao yule mwenye bastola wa zamani niliyemlaani hakuwahi kuuchora. Ukitaka kuuepuka, weka kipande cha kadi ya plastiki kati ya kiwenzo na ubavu, na ukirudishe nyuma kile kijipini kwa ncha ya njiti ileile ya meno. Najua haya yote sasa.

Nilijaribu vifungo vya usalama ikiwa tupu, kisha nikaipeleka uwanja wa shabaha. Risasi 50, hakuna ganda lililosimama mlangoni. Yule wa tatu alikuwepo. Akaipokea, akaigeuza, akatazama ubavu, akaniuliza, "Hii ilikuja na mkwaruzo?" Nikamwambia ndiyo, vitu vya mkono wa pili vina mambo yake.