Siku moja ya motari (dereva wa pikipiki ya abiria) wa Goma: kikombe, mgongo na kopo la maziwa

Saa 11 alfajiri. Naamka nimechoka tayari, hilo silifichi. Zamani kitu cha kwanza ilikuwa simu, unaingia WhatsApp miguu haijagusa hata chini, milio ya risasi usiku nani alisikia nani hakusikia, ukitoka hapo kichwa kinauma na hujabeba hata mteja mmoja. Sasa simu inalala mezani na juu yake naweka kikombe cha maji kimejaa pomoni, ukitaka simu lazima uinue kikombe, na ukishakishika si unakunywa tu. Ni hivyo tu. Mke wangu alinicheka wiki nzima.

Saa 12 mpaka saa 3 sina la kusema, watoto wa shule, bamama wa soko la Kituku na mizigo yao, Majengo, Birere, Signers, Majengo tena.

Saa 4 hivi esanse, yaani petroli, inaisha. Hapa ndo kwenye mgongo. Njia za ndani za mitaa bado zina mawe ya lava ya volkeno ya Nyiragongo ya 2002, ukishinda juu yake kutwa, jioni unatembea kama mzee. Nilijaribu kuamka mapema nifanye mazoezi, siku tatu nikaacha, nani anaruka ruka na usingizi wa saa tano? Sasa mazoezi nimeyafunga na kadafi, hawa wanaouzaga esanse kwenye chupa. Yule kijana wangu anatia kitambaa kwenye chupa iliyokatwa kitako, anaishika kama faneli, anamimina pole pole tone lisipotee, na mimi nashuka, nashika kiti kwa mikono miwili, narudi nyuma mpaka mgongo unalia ka! Esanse ikiisha kumiminwa na mimi nimemaliza. Siongezi. Nikiongeza leo kesho sifanyi kabisa, najijua. Siku hizi nikibaki nimekaa ananiuliza, "Grand (kaka), leo mgongo hapana?"

Saa 8 mvua. Nimejibanza barazani na mwanafunzi mmoja ninayembebaga, ananiambia ile maneno ya siku 21 eti mazoea yameshika ni uongo, kuna utafiti wa University College London ulitoka 2009, walifuata watu 96, wastani ikawa siku 66, yaani kati ya 18 na 254 kufuatana na mtu na kitu chenyewe. Tena kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hiyo ya mwisho ndo ilinishika, juu mimi nikiruka mara moja naachaga yote kwa hasira.

Saa 12 jioni, versement, ile pesa ya kila siku ya mwenye pikipiki. Haikutimia, mvua imekula saa mbili nzima, mwenye pikipiki ameongea weee, mimi kimya. Kila siku kabla ya kumpelekea pesa natoaga franga 500 za akiba, za kutia kwenye kopo tupu la maziwa, leo hazikupatikana. Nimefika nyumbani nimesimama na kopo mkononi kama mjinga, nikapekua koti la mvua, kumbe kuna 100 imelowa, nikaikunjua vizuri nikaitumbukiza.

Saa 3 usiku. Simu mezani, kikombe juu yake. Mtoto amekuja anakohoa, amekinywa chote akarudi kulala. Haya, nimenyanyuka tena kutafuta bidoni la maji.