Vilima viwili

Mwanangu alipotimiza miezi mitatu nilirudi maabara. Ilikuwa Februari 2022, Berlin, na mama yangu alikuwa amesafiri kutoka Tanga kuja kunilea uzazi. Kila alfajiri alinipikia uji wa pilipili manga, akasimama mbele yangu mpaka kikombe kiishe. "Maziwa hayaji kwa kusoma, mwanangu," aliniambia. Nilikunywa, nikanyonyesha, nikakamua chupa moja ya akiba, nikapanda treni.

Shahada yangu ya uzamivu ilihusu sukari za maziwa ya mama. Si laktosi, sukari kuu ya maziwa, peke yake. Yamo humo makumi ya sukari ndefu zaidi, oligosakaridi, ambazo kwa wingi zinafuata laktosi na mafuta, na mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zinapita tumboni nzima nzima mpaka utumbo mpana, zikalishe bakteria wazuri. Siku ya kwanza niliposoma jambo hili niliweka kitabu chini. Mwili wa mama unapika chakula cha wageni wa mtoto!

Mbili kati ya hizo zilinisumbua mwaka mzima: 2'-fukosilaktosi na 3-fukosilaktosi. Vipande ni vilevile vitatu, galaktosi, glukosi na fukosi. Katika ya kwanza fukosi imeshikana na galaktosi, katika ya pili imeshikana na glukosi. Uzito wao ni uleule, 488, na zikishabeba sodiamu spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, inachora mstari mmoja tu kwenye 511. Kwa hiyo kabla ya kuzipima tulizipitisha kwanza ndani ya gesi ya nitrojeni, zikisukumwa na umeme kwenye njia ya duara ambayo mzunguko wake mmoja ni sentimita 98. Ni kama watu wawili wa uzito mmoja wanaokatiza soko la Mgandini mkesha wa Idi, mmoja kajitwika mzigo kichwani, mwingine kaukumbatia ubavuni. Huyu wa ubavuni atagongana na watu wengi zaidi, na atatokea upande wa pili kachelewa. Ioni, yaani molekuli iliyobeba chaji ya umeme, ikiwa imejikunja hutangulia, iliyotanuka hufuata, na kinachozitenga ni milisekunde tu.

Mwanamke hutengeneza 2'-fukosilaktosi ikiwa jeni yake iitwayo FUT2 inafanya kazi. Wako wanawake ambao kwao haifanyi kazi, na maziwa yao hayana sukari hiyo. Nilitaka kujua mimi ni yupi. Msimamizi wangu alikubali, kwa sharti kwamba matokeo yabaki yangu binafsi, nje ya data za utafiti.

Nilichukua mililita moja ya maziwa yangu. Harufu yake ilikuwa ileile ya shingo ya mwanangu. Nikaizungusha kwenye sentrifuji, mafuta yakapanda juu kama malai, nikayaondoa. Nikamimina ethanoli ya baridi, protini zikajikusanya mabonge mabonge kama tui lililokatika. Kilichobaki nikakipitisha kwenye kichujio cha kaboni ili laktosi na chumvi zioshwe, kisha nikakivuta kwenye sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele.

Saa mbili usiku vilitokea kwenye skrini vilima viwili, kila kimoja kundi la ioni zilizofika pamoja, vimesimama wazi, bonde katikati. Sukari mbili! Nilimpigia mama palepale.

Mwenzangu wa meza ya jirani alikuja kutazama. Akauliza swali moja: "Umeshaipitisha ile safi peke yake?"

Sikuwa nimeipitisha. Nilipoingiza 3-fukosilaktosi safi, ya kununuliwa, isiyo na kitu kingine, nayo ilitoa vilima viwili. Nilikaa pale maziwa yakinijaa kifuani, saa ya kunyonyesha imenipita, nikiuangalia mchoro ambao dakika kumi kabla niliuita ushindi.

Na jibu nililijua. Glukosi ya mwisho katika mnyororo ina mlango unaofunguka na kufungwa wenyewe majini, na ukifungwa, kundi moja la haidroksili, oksijeni na hidrojeni zilizoshikana, linaangalia chini au juu: alfa au beta. Mashine yetu ilikuwa kali kiasi cha kuona hata hilo. Mwaka 2015 Kevin Pagel, Peter Seeberger na wenzao wa Berlin na Potsdam walionyesha katika jarida la Nature kwamba njia hii inatenganisha sukari zinazopishana kwa alfa na beta tu, na makala hiyo ndiyo iliyonileta Ujerumani. Niliijua karibu kwa moyo, na bado nilisahau.

Usiku ule niliacha sampuli zote tatu, maziwa na zile sukari mbili safi, ndani ya sodiamu borohaidridi, dawa inayouacha ule mlango wazi moja kwa moja. Asubuhi nikadondoshea asidi, zikatoa povu, nikazikausha kwa methanoli mara kadhaa ili boroni iondoke. Hidrojeni mbili zilikuwa zimeongezeka, na mstari ulihama kutoka 511 hadi 513. Kila sukari safi sasa ilitoa kilima kimoja, kila moja mahali pake. Maziwa yangu nayo yalitoa kilima kimoja. Kilikaa juu ya 3-fukosilaktosi. Pale pa nyingine palikuwa tupu kabisa. Nilirudia mara tatu.

Nyumbani mama alikuwa amempakata mjukuu wake.

"Shikamoo, mama. Jana nilikudanganya. Ni moja tu."

"Marahaba. Kwa hiyo maziwa yana kasoro?"

Nikamweleza kwamba hapana, zimo sukari nyingine nyingi na mtoto anaongezeka vizuri. Kwamba ni jeni tu, na ili ikose kufanya kazi lazima mtu arithi nakala mbili zilizozimika, moja kwa mama na moja kwa baba.

Alinyamaza. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili.

"Moja kwa baba yako," alisema.

"Ndiyo."

Alimtazama mtoto, akamgeuza taratibu, akanipa nimnyonyeshe. Kisha akaenda jikoni kuwasha jiko.