Nilivyomlisha mwanangu mwenye sistiki faibrosisi

Mwanangu alitimiza miaka miwili akiwa na kilo 8 tu, ingawa alikula kuliko watoto wote wa uani kwetu hapa Mikindani, na kila nilipombusu kwenye paji la uso nilionja chumvi. Choo chake kilikuwa kingi, chenye harufu kali na mafuta yaliyoganda kwenye poti, hivyo katika zahanati moja nikashauriwa nimwondolee tui na karanga. Nilitii kwa miezi minne, mbavu zikahesabika.

Ni baada ya rufaa na kipimo cha jasho ndipo nilipofahamishwa kwamba ana sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi ambao ute mzito huziba mirija ya kongosho, vimeng'enya vya kusaga mafuta visifike utumboni. Zamani hata mabingwa waliwanyima wagonjwa hawa mafuta. Kliniki ya Toronto, Kanada, ndiyo iliyoonyesha njia nyingine katika miaka ya 1970: kuwalisha mafuta kwa wingi pamoja na vimeng'enya vya dawa.

Kapsuli za vimeng'enya tulizoandikiwa hutokana na kongosho la nguruwe, na nyumba yetu ni ya Kiislamu. Mama mkwe alinyamaza siku nzima. Mume wangu alimwendea shehe wa msikiti wetu baada ya alasiri, naye akajibu kwamba penye dharura ya uhai na pasipo dawa mbadala inaruhusiwa. Kesho yake mama mkwe mwenyewe ndiye aliyefungua kapsuli ya kwanza.

Chembe zake tunazimimina juu ya kijiko cha rojo la embe lenye uchachu, kamwe si kwenye uji wa moto, naye huzimeza bila kuzitafuna kila anapoanza kula, kisha hunywa maji ili zisibaki kwenye fizi na kuzichubua. Joto la Mtwara huziharibu: chupa niliyoisahau dirishani ilirudisha choo cha mafuta, na sasa naiweka mahali pakavu penye ubaridi.

Tui lilirudi jikoni. Korosho nazikaanga kidogo, nazitwanga hadi zitoe mafuta, kisha natia vijiko viwili katika uji wa mtama, kwa kuwa gramu 100 zina takribani kilokalori 550 na mwili wake unahitaji nishati nyingi kuliko wa wenzake. Vitamini A, D, E na K anapewa kama dawa, na siku za jua kali namwongezea chumvi kwa kipimo cha daktari, maana jasho lake huibeba kwa wingi.

Mwezi uliopita, akiwa na miaka minne, mizani ya kliniki ilisoma kilo 14. Mama mkwe aliomba apimwe tena.